Vitufe Alivyovipanga Yasinta

Kila akitoka shule, Winfrida alipitia dukani kwa shangazi yake Isabela, pale Mkomaindo, kwenye kompyuta moja ya kuchapia. Zamani aliichezea peke yake. Tangu Yasinta, binti wa ndugu yao wa Mnyambe, aje kuishi kwa shangazi, zamu ya Winfrida ilikuwa haifiki.

Huyo Yasinta naye aligundua kwamba kompyuta inakubali kupangiwa vitufe. Akibonyeza Alt na M, mwaliko unajiandika wenyewe: "Tunayo furaha kukualika kwenye sherehe ya mtoto wetu mpendwa." Akibonyeza Alt na K, linatoka tangazo la msiba: "Tunasikitika kutangaza kifo cha mtoto wetu mpendwa."

"Mtoto ana kichwa huyu," shangazi alimwambia kila mteja.

Winfrida alisikia uchungu. Kwani yeye hana kichwa? Kilichomchoma zaidi ni kwamba Yasinta hakumficha kitu; alimwonyesha namna ya kuvipanga, taratibu, mpaka akaelewa.

Jumamosi moja Yasinta alipokwenda kuchota maji, Winfrida akavigeuza. M ikawa ya msiba, K ya mwaliko. "Tuone leo atasifiwa na nani," akajisemea, kisha akaenda chumba cha nyuma kukata karatasi.

Yasinta aliporudi, mteja wa kwanza kuingia alikuwa mama yake Winfrida.

"Shikamoo, mama," Yasinta akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nichapie kadi ya mwaliko. Dastani wetu, mdogo wake Winfrida, anatoka jandoni wiki ijayo."

Winfrida alisikia yote. Akisema, atajulikana. Akaendelea kukata karatasi.

Yasinta alibonyeza Alt na M, akaongeza jina la Dastani macho yakiwa kwenye karatasi aliyopewa na mama, akatoa nakala ya kwanza, akampa. Mama akaisoma, akakaa chini sakafuni.

"Kumbe habari mnazo," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi mama yake ndiye wa mwisho kuambiwa."

Hakuwa amemwona Dastani tangu aingie jandoni, maana wanawake hawafiki huko. Shangazi aliichukua kadi, akaisoma, akamgeukia Yasinta.

"Umefanya nini? Kesho unarudi kwenu Mnyambe."

Hapo Winfrida akatoka nyuma, analia.

"Si yeye, shangazi. Mimi ndiye niliyegeuza vitufe. Dastani ni mzima, mama. Nilimwonea wivu Yasinta."

Mama hakuamini. Ikabidi mume wa shangazi apande baiskeli mpaka jandoni. Alirudi jioni na salamu: Dastani mzima, anakula kuwashinda wenzake, tena anauliza kama mama atachinja kuku.

"Ungeniambia unataka zamu, ningekupa," shangazi akamwambia Winfrida. "Wewe ukachukua alichokufundisha mwenzako, ukamwangusha nacho. Ulitaka aumie Yasinta, ameumia mama yako. Sifa zake hazikukupunguzia wewe kitu. Siku nyingine wivu ukikubana, sema."

Winfrida alimwomba Yasinta msamaha, akavirudisha vitufe mahali pake, akachapa kadi upya, akampelekea mama.

"Nisomee," mama akasema.

Akasoma.

"Nisomee tena."