Jino la Mpiga Tarumbeta

Kijijini kwetu, milimani Oaxaca, mtoto husoma noti za muziki kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mwaka ule sikukuu ya mtakatifu wetu ilikuwa karibu, na watu wote walikuwa wamechangamka. Zenaida alikuwa amechaguliwa kupiga tarumbeta peke yake mbele ya kanisa. Hakuna msichana aliyewahi kupewa nafasi hiyo. Mimi napiga klarineti tu, lakini nilifurahi utadhani nimechaguliwa mimi.

Mara jino lake la mbele likaanza kuuma. Baba yake, Eligio, alimwekea karafuu, kisha akamsukutulisha mezkali, pombe yetu kali. Siku chache baadaye maumivu yakaisha.

"Si nilikwambia?" Eligio akatamba. "Mezkali ni daktari."

Lakini kijipu kikaota kwenye ufizi, na mdomo ukavimba. Siku ya mazoezi Zenaida alipuliza, sauti ikakatika. Akaweka tarumbeta chini, akalia.

"Ling'olewe," alisema Eligio. "Dawa ya jino bovu ni koleo. Mimi langu la mbele liling'olewa, na nyama nakula."

Jirani yao, Bi Hermila, mpiga tromboni, alikuwa ameleta tamales, vyakula vya unga wa mahindi vilivyofungwa majani. Alimtazama Eligio.

"Hebu nikuulize. Zamani ulikuwa ukipiga nini?"

"Tarumbeta."

"Na sasa?"

Eligio aliitazama ngoma yake kubwa. "Nilizeeka."

"Ulizeeka ukiwa kijana wa miaka thelathini? Uling'oa jino, mdomo ukakosa pa kuegemea."

Eligio akaligusa pengo lake kwa ulimi. Nadhani hata yeye hakuwa amewahi kulifikiria hilo.

Bi Hermila akafunua mdomo. "Mnaliona hili? Ni kofia ya jino, ya kauri. Chini yake jino langu lilitibiwa mzizi, na tromboni napiga."

"Lakini maumivu yaliisha," alisema Zenaida.

"Yaliisha kwa sababu mshipa wa ndani ulikufa, mwanangu. Jino halijapona. Linaoza kimya kimya mpaka mfupani."

Kesho yake wakashuka mjini kwa Daktari Amparo.

"Itauma?" Zenaida aliuliza.

"Sindano ya ganzi utaisikia. Baada ya hapo ni kelele tu, nawe umelelewa na mpiga ngoma."

Zenaida akacheka. Daktari alitoboa jino kwa nyuma, akatoa uozo, akasafisha ndani ya mzizi na kuweka dawa. Uvimbe ulipokwisha, walirudi, naye akajaza mzizi na kuuziba.

"Bado kofia," alisema. "Jino lako limeliwa sana, limebaki ganda. Likisukumwa na tarumbeta litavunjika."

"Kofia ya nini tena?" Eligio akadakia. "Limenyamaza. Limepona."

"Baba," alisema Zenaida, "ulisema hivyohivyo siku ya mezkali."

Eligio akakubali. Daktari alichonga jino, akachukua umbo lake, akalivika kofia ya muda. Alimkataza Zenaida kutafuna mahindi ya kuchoma na kupuliza tarumbeta mpaka kofia yenyewe iwe tayari. Kwa mpiga tarumbeta hiyo ni adhabu. Alizunguka nyumbani akipiga nyimbo kwa vidole juu ya meza, tukamtania tukachoka.

Kofia ilipofika, ilikuwa na rangi ileile ya meno yake. Zenaida alifanya mazoezi mpaka mbwa wa jirani wakahama kibarazani.

Siku ya sikukuu uwanja ulijaa mpaka ngazi za kanisa. Zenaida akasogea mbele, akainua tarumbeta. Sauti ikatoka safi, ikapanda, ikakaa hukohuko juu. Ilikuwa zamu ya ngoma kuingia. Ngoma haikuingia.

Tuligeuka nyuma. Eligio alikuwa amesimama, gongo la kupigia ngoma likining'inia mkononi, machozi yakimtiririka.

"Piga, mzee!" kiongozi wa bendi akamnong'oneza.

"Ngojeni kwanza," akasema Eligio. "Namsikiliza mwanangu."