Kiti cha Baba Mkwe Kilininyima Harare

Nina umri wa miaka ishirini na mitatu, nauza maharage sokoni Kasulu, na sina mume. Wasomaji wenzangu, mkitaka kuniita mjinga niiteni tu, mimi mwenyewe nimeshajiita hivyo mara nyingi...

Mwaka 1995 nilikuwa binti wa kukimbia. Sijisifu! Barabara yote ya kwenda Manyovu ilinijua, hata madereva wa malori ya chakula cha wakimbizi walinipigia honi. Na kila jioni redio ya baba ilikuwa na habari moja: Harare inajiandaa! Mji mkuu wa Zimbabwe utapokea michezo ya Afrika nzima, wanatengeneza viwanja, wanapaka rangi, wanaandaa mahali pa kulala wanamichezo. Mimi niko jikoni nachambua mboga, moyo unaruka. Niliona kama kitanda kimoja kule kinatandikwa kwa ajili yangu.

Mwalimu wa michezo akatangaza mchujo. Msichana atakayeshinda Kasulu ndiye angepelekwa Dar es Salaam, ambako timu ya Harare ingechaguliwa. Mmoja tu!

Mazoezi nilifanya na Skola, rafiki yangu wa tangu utotoni. Alijua siri zangu zote. Alijua pia kwamba nimeposwa na Gervas, kijana aliyekuwa akipeleka vitenge kuuza Kibondo.

Kwetu Uha, ukishaposwa hukutani uso kwa uso na baba mkwe njiani. Unaacha njia, unachuchumaa, unajifunika mpaka apite. Siku moja tukiwa mazoezini tulimwona mzee, baba yake Gervas, anakuja na mbuzi wake. Nilivyojitupa mtaroni! Skola alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka. Kumbe mwenzangu alikuwa na lake moyoni...

Siku ya mchujo nilivaa kaptula ya kuazima. Mlimani niliwaacha wote, Skola nilimsikia anahema kwa mbali. Nikakata kona. Yebaba we! Baba mkwe huyo, amekaa kwenye kiti katikati ya barabara, fimbo magotini, ananitazama.

Ningefanyaje jamani? Nimpite mzee wa watu mapaja yakiwa nje? Sikufikiri hata kidogo. Nilijitupa mtaroni, nikachuchumaa, nikafunika uso kwa mikono, nikasubiri apite.

Hakupita! Alikaa tu. Akakohoa, akatema mate. Nikasikia miguu ya Skola inapita, wala hakupunguza mwendo. Wakapita na wengine. Mimi niko kwenye majani nalia kimya kimya, namheshimu mtu aliyekuja kuniangamiza.

Nilikwenda kwa Gervas nikilia, nikidhani atanionea huruma. Huruma gani! Alinijibu huku anakunja vitenge vyake: "Kiti nilikibeba mimi. Mke wangu hawezi kwenda kukimbia uchi mbele ya Wazimbabwe."

Nikamuuliza nani alimpa akili hiyo. Akacheka. Akasema Skola alimwambia nikifika Harare sirudi, na akamwelekeza: mweke mzee barabarani, mchumba wako hatapita. Nikakaa palepale mlangoni kwake.

Mnadhani yaliishia hapo? Ukoo wao ukakaa, ukavunja uchumba. Eti mzee aliona mapaja yangu, nimemtia aibu! Mimi niliyejitupa kwenye miiba kwa ajili yake!

Skola alikwenda Dar es Salaam, hawakumchukua, akarudi. Gervas akamwoa. Nikauliza watu, jamani, si na yeye alimpita mzee mapaja nje? Wakanijibu kwamba siku ile hakuwa mkwe. Siku ya arusi yao mzee alikalia kiti kilekile, nikakitambua kwa mguu wake uliofungwa waya. Redio kwa jirani ikisema Harare iko tayari, wageni wanaingia. Niliomba waizime, wakaniona nina wivu.

Juzi nilikutana na mzee huyo barabarani, yeye na mbuzi wake. Sikuacha njia. Nilipita katikati, kichwa juu, na yeye ndiye aliyeshuka mtaroni. Nilidhani nitafurahi... Nikatazama mbele, barabara tupu. Hakuna mwalimu, hakuna mtu wa kunipokea. Harare ilishawaaga wageni wake zamani. Nikalia tena, mtu mzima mimi, beseni la maharage kichwani.

Dada zangu mnaosoma haya, nawasihi, msifanye nilivyofanya mimi. Heshima wapeni wakubwa, ndiyo. Lakini mkimkuta mtu amewekewa kiti katikati ya njia yenu ili msifike, mpiteni tu! Mtamwomba radhi mkirudi.