Ukurasa wa Nyuma

Kila siku akitoka shule, Redio alivua sare, akala upesi upesi, kisha akaingia chumba cha mbele kufagia nyuzi chini ya cherehani ya shangazi yake. Shangazi alikuwa fundi wa sare za shule, naye ndiye aliyekuwa akimlea tangu darasa la kwanza. Jina la Redio alipewa na majirani, na wala hakulikataa. Alikuwa na sauti kubwa, akisoma hakwami, kwa hiyo mtaa mzima ulimletea karatasi zake: maelezo ya dawa, barua za shule, hata ujumbe wa simu. "Redio, hebu tufungulie taarifa ya habari!" walimtania, naye alisoma huku kichwa kimemvimba.

Mteja wake mkubwa alikuwa shangazi mwenyewe. Macho yake yalitunga uzi kwenye sindano kwa mazoea tu. Herufi ndogo zilimshinda kabisa.

Basi mji wao mdogo ukapata ugeni. Pale palipokuwa na kinyozi pakafunguliwa ofisi ya mikopo ya papo hapo, na bango lake lilikuwa kubwa kuliko mlango: CHUKUA LEO, LIPA SIKU YA MSHAHARA. Wiki ya kwanza tu foleni ikafika barabarani. Hata walioapa kwamba hawatakwenda walionekana wakipitapita pale kama watu waliopoteza kitu.

Shangazi naye alikuwa na shida yake. Shule ilimpa kazi ya sare arobaini, malipo mwisho wa mwezi. Na vitambaa je, angevinunua kwa maneno matamu? Jumatatu moja alirudi nyumbani na karatasi ya mkataba.

"Redio mwanangu, nisomee hii kabla sijatia sahihi. Yote, usiache kitu."

Redio akaanza. Nje wenzake walikuwa wameshaanza kuruka kamba, na mmoja akapaza sauti, "Redio! Zamu yako inapita!" Akausoma ukurasa wa mbele kwa kasi: kiasi cha mkopo, riba kidogo, tarehe ya kulipa. Akageuza. Lo! Ukurasa wa nyuma ulikuwa umejaa herufi ndogo ndogo kama sisimizi. Akaurudisha ulivyokuwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, shangazi."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna." Huyo, mbio hadi kwenye kamba.

Shangazi akatia sahihi, akaenda, akarudi na pesa. Akaziweka kwenye kopo la vifungo, kwa kuwa duka la vitambaa lingefunguliwa Jumatano.

Jumanne jioni Redio alipokuwa anafagia, aliikuta nakala ya mkataba mezani, mgongo juu. Akausoma, safari hii bila haraka. Malipo yakichelewa, deni litaongezeka maradufu kila wiki. Mkopaji akishindwa kulipa, kampuni itachukua kifaa chake cha kazi. Akaitazama cherehani. Kopo lilikuwa pale pale, pesa hazijaguswa. Alichotakiwa ni kufungua mdomo tu. Lakini angesema nini? Kwamba alimdanganya shangazi kwa ajili ya kamba? Yeye, Redio wa mtaa mzima? Aliona aibu hata kabla hajasema. Akaigeuza karatasi, akaiwekea mkasi juu. Shule italipa kwa wakati, alijipa moyo, kana kwamba kuna mtu aliyewahi kuona shule ikilipa kwa wakati.

Shule ilichelewa. Ikapita wiki moja baada ya tarehe, ikapita ya pili. Jumamosi asubuhi wakaja wanaume wawili na mkokoteni, wakaibeba cherehani, wakaacha alama nne za miguu yake sakafuni.

"Lakini mimi nilisomewa," shangazi alirudia, tena na tena. Wakamwonyesha ukurasa wa nyuma, wakaenda zao.

Redio alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Jirani yao, muuza mkate, alipokuja kutoa pole, Redio alimsikia shangazi akimwambia, "Mtoto alisoma yote, maskini. Akili yangu ndiyo ilikuwa kwenye vitambaa." Heri angemchapa! Wiki nzima iliyofuata shangazi alishona kwa mkono hadi vidole vikavimba, na kila Redio alipotaka kusema, aliishia kuokota nyuzi sakafuni.

Jumapili mwenyekiti wa mtaa, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliwaita watu kwenye ukumbi wa shule. Kibali cha muda cha ofisi ya mikopo kilikuwa kinakwisha. "Semeni wenyewe," alisema. "Wabaki au waondoke?"

Muuza mkate akainuka wa kwanza. "Wabaki! Mwanangu alipougua, benki waliniambia nirudi baada ya wiki mbili. Ugonjwa unasubiri wiki mbili? Hawa walinipa siku ileile." Watu wakapiga makofi.

"Mimi nimelipa mara tatu na bado nadaiwa!" fundi mwashi akapaza sauti. "Waondoke leo, tena kwa miguu!" Watu walewale wakapiga makofi tena.

Meneja wa ofisi akasimama, akainyoosha tai yake. "Ndugu zangu, sisi hatumlazimishi mtu. Kila kitu kimeandikwa. Mama fundi hapa, kwa mfano, alisomewa na mtoto wake. Si kweli, mama?"

Shangazi akainuka, macho chini. "Ni kweli. Nilisomewa yote."

"Tamaa hiyo!" mtu akatania kutoka nyuma. "Pesa ziliziba masikio!" Ukumbi ukaangua kicheko.

Redio akamwona shangazi akikaa taratibu, akijifanya anatabasamu. Hapo akashindwa kujizuia.

"Hakusomewa!" Sauti ilimtoka kubwa, kisha ikakatika. "Nilisoma mbele tu. Nyuma niliruka, nikaenda kucheza. Nikamwambia nimemaliza. Msimcheke. Nichekeni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akawatazama watu. "Wangapi humu mliusoma ukurasa wa nyuma?" Hakuna mkono uliopanda, na mwalimu mmoja akaanza kuchunguza viatu vyake. "Basi, meneja, tusomee wewe."

Meneja akasoma mistari miwili mbiombio, kisha, "Na kadhalika, na kadhalika..."

"Hakuna kadhalika!" ukumbi ukapiga kelele. "Soma!"

Akasoma, jasho likimtoka. Alipofika kwenye kifaa cha kazi, muuza mkate akashika kichwa. "Mama yangu! Tanuri langu!"

Walikubaliana hivi: ofisi ibaki, lakini mkataba usomwe wote kwa sauti kabla ya sahihi, deni lisiongezeke maradufu, na kifaa cha kazi cha mtu kisiguswe. La sivyo, hakuna kibali. Meneja akatoka nje kupiga simu kwa wakubwa wake, akarudi bila tabasamu, akakubali. Jumatano cherehani ikarudi. Shule ilipolipa, shangazi akamaliza deni lake kwa riba ileile ya ukurasa wa mbele.

Mtaa mzima ukawa unamsifu Redio. "Mtoto jasiri huyu!" Kila sifa ilimchoma, kwa sababu alikuwa amesema nusu tu. Alizivumilia kwa siku tatu. Siku ya nne akamfuata shangazi kazini.

"Shangazi, kuna kingine."

Gurudumu la cherehani likasimama.

"Kesho yake niliusoma ule ukurasa. Jumanne. Nikauficha."

Shangazi akalitazama kopo la vifungo. "Jumanne pesa zilikuwa kwenye kopo."

"Ndiyo, shangazi."

"Ningezirudisha asubuhi yake, yakaisha."

Redio akalia kwa kwikwi. Shangazi hakumnyamazisha. Alimwacha mpaka akajifuta uso mwenyewe, kisha akamvutia kiti.

"Sikiliza, mwanangu. Kuruka ukurasa ni utoto, hilo nilikusamehe palepale ukumbini. Lakini Jumanne hukuwa unacheza. Ulijua, ukaninyamazia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu nimeujenga mimi kwa vidole hivi. Kosa ukilisema siku ileile, unalipa wewe, tena kidogo. Ukilificha, analipa mwingine."

"Hutanipa tena karatasi zako," Redio alisema, kichwa kimeinama.

"Nitakupa. Ukumbini ulisema kwa kuwa walinicheka. Leo hakuna aliyecheka wala aliyekuuliza, na umesema. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayetaka anisomee."