Mvua Aliyoiahidi Kathini

Kila siku baada ya masomo, Kathini alichungulia kipimamvua cha shule, akakuta vumbi tupu, kisha akamsikiliza Mwalimu Muindi akisoma habari za hewa kwenye simu. Baadaye alizipeleka kwa kina mama wa mwethya pale kijijini Tulia, wale wanaolimiana mashamba kwa zamu.

Jumatatu hiyo habari ilikuwa fupi. Mawingu na upepo vilikuwa vikikusanyika mbali baharini. Huenda ingekuwa dhoruba ya kuleta mvua, huenda isiwe kitu.

"Bado inaangaliwa," mwalimu alisema. "Waambie hivyo hivyo."

Lakini kina mama walimtazama kwa hamu. Msimu uliopita walivuna majani makavu.

"Haya, mtabiri wetu, mvua iko?" Mama Nthiwa aliuliza.

Kathini alishindwa kuwavunja moyo. "Iko. Wiki hii hii."

Walishangilia! Kesho yake zamu ilikuwa ya Syombua, nyanyake Kathini, ambaye yeye humwita susu. Ndengu zote alizohifadhi kibuyuni zikaingia ardhini. Yakaja manyunyu ya kudanganya, miche ikachomoza, kisha jua likawaka bila huruma. Dhoruba ilikuwa imegeukia kusini na kuyavuta mawingu yote. Miche ikanyauka. Syombua aliketi kando ya shamba akisokota mche mkavu vidoleni, na Kathini akaumia kuliko kama angechapwa.

Jumanne iliyofuata zamu ilikuwa ya Mama Nthiwa, na bado waliamini mvua ya Kathini imechelewa tu. Mbegu zake za mwisho zilikuwa tayari kwenye karai Kathini alipofika akihema.

"Msipande! Mwalimu hakusema mvua iko. Alisema inaangaliwa. Hayo mengine niliongeza mimi."

"Wee Kathini!" Mama Nthiwa alifoka. "Na shamba la susu yako je?"

Kathini alilia mbele ya wote. Syombua alifunika karai kwa leso yake, na majembe yakarudi nyumbani.

Tangu hapo Kathini alijibu, "Bado inaangaliwa," na kina mama wakanung'unika. Siku mwalimu aliposema mvua imekaribia kweli, ilinyesha hadi kipimamvua kikafurika. Mama Nthiwa alikuwa wa kwanza kumimina konzi ya ndengu katika kibuyu kitupu cha Syombua. Wengine wakafuata.

"Susu, nisamehe," Kathini alinong'ona wakipanda.

"Nilishakusamehe. Lakini sikia, mjukuu wangu. Ukisema hujui, tutanuna, tutangoja. Ukitupa tumaini la uongo, sisi tunaenda kulipanda shambani."