Usukani Uliokata Kulia

Yapo mambo ambayo wote walioulizwa waliyakubali, na ni haki yatangulie kabla ya yale wanayobishania. Kwamba jioni ile gari liliachwa bandani magurudumu yakiwa yamenyooka. Kwamba mlango ulifungwa kwa kufuli. Kwamba injini haikuwashwa, kwani injini ya gari lile ikiwaka hata kiziwi hupata habari. Na kwamba asubuhi, mlango ulipofunguliwa, usukani ulikuwa umekatwa kulia mpaka mwisho wake, na ndani ya gari mlinuka maziwa yaliyoungua. Kwa mengine yote, kila mmoja alivutia kamba kwake.

Fundi wa gari lile aliitwa Kobe, kwa sababu ya mwendo wake kazini. Nati ambayo wenzake wangeikaza mara moja, yeye aliikaza, akaifungua, akaipangusa, kisha akaikaza upya. Hakuwa mtu wa kusadiki jambo kwa kuambiwa. Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba yake: gari la porini la zama zile, bodi ya bati nene, usukani mzito kama jiwe la kusagia. Liliachwa kwa wana wawili bila kugawanywa, na aliyelitolea jasho ni kaka yake mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva. Alipeleka wachimba visima huko ambako barabara hukoma. Kisha kiharusi kikampitia. Kilimwachia miguu, kikamwachia ulimi, lakini mkono wa kushoto kikauacha ukining'inia kama wa shati lililoanikwa.

"Dereva asiyeendesha ni nani?" aliuliza siku moja, akicheka kwa upande mmoja wa uso. "Ni abiria mwenye kelele."

"Nitakufungia usukani wa haidroliki, Kaka," Kobe akajibu. "Utaukata kwa kidole kimoja."

Gari la umri ule halikuumbiwa mfumo huo. Ilibidi kutafuta boksi la usukani linalogeuza magurudumu, pampu, na mhimili unaobeba usukani wenyewe, kutoka gari jingine ambalo fremu yake ingekaribiana nalo. Kobe alivipata kwenye yadi ya chakavu ya Mama Vyuma, katika gari lililokuwa likibeba maziwa. Pua yake ilikuwa imesagika, maziwa yakiwa yameungulia juu ya injini, na magurudumu ya mbele, yaliyokatwa kulia, yalikuwa yamezama katika udongo wa mfinyanzi.

Mama Vyuma aliuza kila kitu kwa kila mtu, lakini alikuwa na sharti moja. Usukani wa gari lililokufa na mtu wake haufunguliwi ukiwa umepinda. Unyooshwe kwanza, ndipo spana iguse.

"Mwenyewe alikuwa anakata kulia, kona hakuimaliza," alisema. "Mnyooshee, fundi, ajue safari imekwisha."

"Mama, magurudumu yamezama. Nitaunyooshea kwangu, mezani."

"Mezani! Kwani unapiga pasi?"

"Ni chuma tu, Mama."

"Na mimi nimesema ni nyama?"

Sharti lile, tukilitazama kwa utulivu, lina msingi katika ufundi. Boksi lisiporudishwa katikati, gari hukaa likivuta upande mmoja. Kobe alilijua hilo. Aliukata mhimili kwa mashine ya kukatia vyuma, na alipofika karakana akalizungusha boksi mwisho hadi mwisho, akihesabu mizunguko, akalisimamisha katikati kabisa. Kwa kipimo cha chuma hakukosea hata unywele. Kama kipo kipimo kingine, hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Kazi ilipokamilika, Dereva alilizungusha gari uani kwa mkono mmoja, kona baada ya kona, huku mkewe akitazama dirishani mikono kifuani. Asubuhi iliyofuata ndiyo ile ya usukani uliopinda.

Kobe hakuwaza jini. Alimwaza kaka yake.

"Kaka, uliingia bandani?"

"Kufanya nini?"

"Kujifunza. Si vibaya. Nauliza tu."

"Kwa mkono upi, bwana mdogo?" Dereva aliuinua ule wa kushoto kwa kuushika na wa kulia, akauachia, ukaanguka pajani. "Huu?"

"Sijakushutumu."

"Anayeuliza hivyo ameshajijibu moyoni. Na mimi niulize: gari ni letu sote. Likionekana lina shetani, nani ataogopa kulipanda, na nani atabaki nalo?"

Neno hilo lilimwingia Kobe kama msumari kwenye tairi: halikumwangusha papo hapo, lakini upepo ulianza kutoka. Tangu hapo ndugu wale walikula sahani moja bila kutazamana.

Kobe alikusanya ushahidi kama alivyokaza nati. Alijaribu kuukata usukani injini ikiwa imezimwa. Kwa mikono yake yote miwili, tena mizima, hakuufikisha hata nusu. Basi mwenye mkono mmoja asingeweza. Alimwaga unga sakafuni kuzunguka gari na kuchora mstari wa chaki kutoka kwenye tairi hadi kwenye saruji. Alipofungua tena, unga haukuwa na unyayo wa mtu wala wa paka, na mstari wa chaki ulikuwa umekatika vipande viwili.

Shemeji yake alimfuata kando ya kamba ya nguo, akinong'ona.

"Shemeji, leo adhuhuri nimesikia pampu ikihema. Kama mtu anayetua mzigo. Nikachungulia kwenye ufa."

"Ukaona nini?"

"Ukizunguka wenyewe. Polepole. Kama mtu asiye na haraka. Shemeji, liuzeni."

Ushahidi huu haufai kumezwa bila kutafunwa. Mwanamke yule hakuwahi kutaka mumewe arudi barabarani. Aliyekwisha kumlisha mume kwa kijiko ana sababu ya kuona mazimwi katika kila gurudumu. Kobe aliyapima hayo yote, akaazimia kuketi mwenyewe ndani ya gari.

Ilikuwa alasiri, mvua ikipiga bati. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akaunyoosha usukani, akaushika. Hapakuwa na kitu. Alianza kujicheka. Ndipo harufu ya maziwa ilipopanda kutoka chini ya miguu yake, nyepesi mwanzoni, kama sufuria iliyosahauliwa nyumba ya jirani, na usukani ukaanza kusukuma viganjani mwake, si kwa nguvu za kushindana bali kwa subira, kama mzee anayeutoa mkono wa mtoto kwenye kitasa cha mlango, naye akakaza misuli, akaegemeza mabega, akasikia pampu ikihema ilhali mkanda wake umetulia tuli, na alipohisi kwamba usukani una joto katika sehemu mbili tu, mahali ambapo mtu mwingine angekuwa ameushika, akauachia na kuiinua mikono yake usoni ili awe na hakika kwamba ni yake, lakini usukani haukusimama, uliendelea kukata kulia, kidogo kidogo, ukitafuta kona ambayo bandani mle haikuwepo.

Alitoka kwa mlango wa abiria. Hakuweza kueleza kwa nini hakutumia ule uliokuwa karibu.

Tabibu wa majini aliitwa, na Dereva mwenyewe alikuwa wa kwanza kumcheka. "Mnamtibu nani, mimi au boksi?" Tabibu aliwasha chetezo. Alifukiza ubani chini ya boneti, akaweka sikio kwenye mhimili wa usukani, akakaa hivyo kitambo. Kisha akaamuru yaleyale ya Mama Vyuma: virudishwe vilikotoka, vinyooshwe hukohuko.

Kobe alifungua kila kitu. Yadini waliyafukua magurudumu ya gari la maziwa, akauchomelea mhimili alioukata, na wote waliokuwepo wakaushika usukani kwa pamoja, Dereva akiwemo kwa mkono wake mmoja. Ulikuja kwa shida, halafu kwa wepesi, ukanyooka. Harufu ikakatika kama taa iliyozimwa.

"Ametoka," alisema tabibu.

"Kaenda wapi?" Kobe akauliza.

"Nimeitwa kumtoa. Sikuitwa kumsindikiza."

Walirudisha usukani wa zamani, ule mzito, na Dereva akarudi kwenye kiti chake cha uani. Hakulalamika, jambo lililomuumiza mdogo wake kuliko lalamiko lolote. Lakini haukupita muda, mkono wa kushoto ukaanza kuamka: kidole, kisha kiganja, kisha kiwiko. Mkewe alipiga vigelegele. Daktari alifurahi naye. Alisema mishipa huweza kupona hata pale ambapo watu wamekata tamaa. Ndugu wale wakaombana radhi, na Dereva akaomba jambo moja tu, aachiwe kulijaribu gari. Kobe alikaa pembeni yake.

Dereva aliendesha vizuri. Mkono uliokuwa umekufa uliukata ule usukani mzito kana kwamba ni wa haidroliki. Walicheka kama watoto hadi walipofika njia panda, ambako barabara ya visima huelekea kushoto. Hapo kicheko kilikwisha. Mkono wa kulia wa Dereva ulivuta kushoto. Mkono wa kushoto ulivuta kulia.

"Kaka, kushoto."

"Najua."

"Basi kata."

"Nakata!" Jasho lilimtiririka. Alikuwa akiutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia garini bila kubisha. Kisha akanong'ona: "Mdogo wangu, nishike."

"Nishike usukani?"

"Usukani una wenyewe. Nishike mimi."

Gari lilikata kulia. Kobe alizima injini, na ilimbidi avibandue vidole vya kaka yake kimoja baada ya kingine, huku vile alivyokwisha kuvibandua vikirudi kushika.

Daktari ameeleza kwamba upo ugonjwa wa ubongo ambao mkono humwasi mwenyewe, na hakuna sababu ya kumwita mwongo. Tabibu ameeleza alichokieleza. Mke anasema mkono ni mkono, mradi unashika kijiko, na asiulizwe zaidi. Dereva anadai haki yake: gari ni lake pia, mkono umepona, na siku ile alibabaika tu baada ya kukaa sana. Lakini anapoyasema hayo huukalia mkono wa kushoto. Kobe, asiyewahi kusadiki jambo kwa kuambiwa, hajasema ndiyo wala hapana.

Nawe umezisikia pande zote, msikilizaji. Kaka yako amesimama mlangoni pa banda, anaomba riziki yake. Ungempa gari?