Jirani Mkweli

"Mmeona? Kamtangulia tena! Binti wa watu kabaki nyuma kama mzigo!"

Fikile, msaidizi wa saluni, aliinyooshea runinga chanuo. Wateja, vichwa nusu vimesukwa nusu vimesimama, wakacheka hadi viti vikalia. Ilikuwa Jumapili mchana, marudio ya "Nichague", kile kipindi kinachowafungia wanaume sita na wanawake sita kwenye jumba moja watafutane wachumba, huku watazamaji wakipiga kura nani afungashe virago. Kitongoji kizima cha Umlazi kilikuwa na maoni.

"Huyo Sphe mshamba," mteja mmoja akasema. "Palesa alivyo mrembo vile, hata mlango hafunguliwi?"

"Anaingia kama kaitiwa nyama!"

Hlengiwe, mwenye saluni, hakucheka. Aliendelea kusuka, macho kwenye nywele. Miaka minne alikuwa mpenzi wa huyo Sphe, Sphelele kwa jina kamili. Mara mbili Sphelele alimwomba waoane, mara mbili Hlengiwe akamjibu asubiri kwanza saluni isimame. Saluni ikasimama. Mwanaume akachoka kusubiri, akaenda kutafuta mke kwenye runinga.

"Sikilizeni hii," Fikile akasoma kwenye simu. "Anajiita Jirani Mkweli. 'Mimi namjua. Shandu huyu ndivyo alivyo, kila mlango yeye kwanza, mwanamke kwake ni mkia. Palesa, kimbia dada.' Watu elfu arobaini wameipenda!"

"Jirani kanena! Mpigieni kura atoke!"

Hlengiwe akakosea mstari, akafumua, akaanza upya. Jirani Mkweli alikuwa yeye.

Aliandika siku ile alipomwona Sphelele akimvika Palesa koti lake. Wivu ulimpanda kichwani, vidole vikafanya kazi kabla ya akili. Na ubaya ni kwamba ukweli aliujua. Kwao Sphelele, kijijini Nquthu, mwanaume huingia kwanza. Kama ndani kuna nyoka au adui, amkute yeye. Hakusimuliwa, aliona. Siku waliyotoka sokoni, mwizi alikuwa amejibanza nyuma ya mlango wa Hlengiwe mwenyewe. Chuma kilimpata Sphelele kwenye paji la uso, akashonwa nyuzi saba. Lile pigo lingempata Hlengiwe kama angetangulia yeye.

Jumapili ile ile kura zikamtoa Sphelele. Jumanne simu ikaita.

"Habari yako, Jirani Mkweli."

Hlengiwe akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe. Kule jumbani nilikuwa Sphe tu. Ubini wangu hawakuutaja hata siku moja, ukoo ndio kabisa. Siku mbili nasoma matusi. Wameniita mshamba, nguruwe, mnyama. Mmoja tu kanitukana huku akiniita Shandu. Nani anamtukana mtu kwa jina la heshima la ukoo wake? Hata kunivunjia heshima umeshindwa, Hlengiwe."

Hlengiwe alilia waziwazi, bila kuziba simu.

"Niliona wivu, Shandu."

"Si ungeniambia tu kwamba unanitaka?"

"Ulikuwa ndani ya runinga. Ningekwambiaje?"

"Kabla ya runinga nilikuwa mlangoni kwako miaka minne."

Hlengiwe akajifuta machozi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na Palesa?"

"Palesa alinichoka mapema. Anasema kila hadithi yangu lazima ipite saluni kwako."

"Nitaandika tena. Nitaweka jina langu na picha yangu, watu wajue."

"Watu gani? Wale wameshanisahau, leo wanamla mwingine. Aliyeumia ni mama. Akina mama wa umoja wa kanisa wanamuuliza amelea mwanaume wa namna gani. Kamwambie yeye. Mbele yao."

Hlengiwe hakulala vizuri siku mbili. Mtandaoni angejificha nyuma ya simu. Pale angeonekana uso. Lakini alijua kwamba asipokwenda, Sphelele hatampigia tena, na safari hii atakuwa amempoteza kwa mkono wake.

Alhamisi mchana, siku yao ya sala, aliwakuta akina mama hao kanisani, wamekaa na blauzi zao nyekundu za sare. Akapiga magoti mbele ya MaNgcobo, mama yake Sphelele.

"Mama, Jirani Mkweli ni mimi. Mwanao huingia kwanza ili baya likiwa ndani limpate yeye. Nyumbani kwangu lilimpata, damu nikaifuta mimi. Nami nikaenda kuliandika kama aibu. Nisamehe, Mama."

Mama mmoja wa mstari wa nyuma, aliyemsema Sphelele kuliko wote wiki iliyopita, akasema, "Na mimi nilimpigia kura atoke. Nilipiga mara tatu."

"Nami niliipenda ile ya Jirani," mwingine akaongeza, akitazama mikono yake.

MaNgcobo akamwinamia Hlengiwe.

"Umekuja kuomba msamaha, au kuomba mume?"

"Msamaha, Mama."

"Kwa hiyo mume humtaki?"

Kicheko kikapita kwenye viti. Hlengiwe alitamani ardhi ipasuke, lakini kunyamaza kulishamgharimu miaka minne.

"Namtaka, Mama. Namtaka kuliko hiyo saluni."

"Inuka, mwanangu. Msamaha nimekupa." MaNgcobo akamshika mkono. "Yule mjinga wangu, siku ile ile aliyotoka jumbani, alinipigia magoti niwatume wajomba zake kwenu wakamposee. Hilo jina Shandu lilishanionyesha aliyeandika, nikamwambia hawaendi popote mpaka huyo Jirani Mkweli aje hapa kwa miguu yake."

"Mama..."

"Usilie, utanilowesha blauzi. Nenda nyumbani ukamwambie baba yako Jumamosi afunge mbwa."