Vikombe vya Kamati ya Amani

Msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, ukifika, soko la Bukoba halina adabu. Watu wanasukumana, wanakanyagana, wanasahau hata kusalimiana. Asubuhi hiyo ya Novemba mvua ilikuwa imekatika, matope yamefika kwenye vifundo vya miguu, na muuzaji mmoja alikuwa amebakiwa na kopo moja tu la senene walionyonyolewa tayari. Mikono miwili ililikamata kwa pamoja.

"Kaka, nimetangulia," akasema mwanamke.

"Dada, wewe umetangulia kuongea. Mimi nimetangulia kushika."

Mwanamke huyo alikuwa Shamsia, binti wa Kashai, mrefu, amevaa dera la kijani na mtandio mweupe usio na tone la matope. Mwanamume alikuwa Nathanael, mzaliwa wa Kashozi aliyepanga chumba Kibeta. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi, lakini viatu vyake havikujulikana tena rangi.

"Wewe una msalaba shingoni," Shamsia akasema. "Si ungoje Krismasi ule nyama?"

"Na wewe una mtandio. Hawa wamechinjwa na nani?"

"Senene hachinjwi. Hahitaji sheikh wala padri. Niachie kopo langu."

"Mawe, mama yangu!" muuzaji akapiga kelele kwa Kihaya. "Nunueni au muwapishe wenzenu, waitu, ndugu zangu!"

Wakagawana nusu kwa nusu, wakaachana wakicheka.

Wiki iliyofuata Nathanael aliingia kwenye ofisi ya Kamati ya Amani ya Dini Zote kuanza kazi ya ukatibu. Kwenye meza ya mratibu wa wanawake alikuwa amekaa yule yule wa sokoni.

"Umenifuata mpaka huku?"

"Nimefuata senene wangu."

Juu yao walikuwepo wazee wawili. Mwenyekiti alikuwa Mzee Bartholomayo, mzee wa kanisa mwenye suti ya kijivu na sauti ya kutangaza matokeo ya uchaguzi. Makamu wake alikuwa Sheikh Muksini, kanzu safi, manukato yanayoingia mlangoni kabla yake. Hawa wawili walikumbatiana vizuri sana mbele ya kamera. Kamera ikiondoka, mmoja alitoa leso akafuta viganja, na mwenzake akaelekea bombani kunawa. Uchafu huo ulifanyika mchana kweupe kila mwezi. Vijana hawakuuona, maana walikuwa na kazi, na muda uliobaki walikuwa wanatazamana.

Kazi yenyewe ilifanywa na wao. Ndio waliokwenda Rubafu, wakakaa jikoni kwa watu waliokataa kuzikana kwa sababu ya dini, wakamenya ndizi nao, wakasikiliza matusi ya pande zote mbili mpaka matusi yakaisha. Wazee walifika siku ya mwisho, kupigwa picha.

Jumapili jioni walikuwa wanakaa ufukweni, soda moja, chupa moja, wanapokezana.

"Lini nitamwona mama yako?" Shamsia aliuliza.

"Nipe muda, mpenzi. Mama ana presha."

"Presha yake inapanda kwa jina langu au kwa mtandio wangu?"

"Shamsia, jamani!"

"Nauliza tu. Mimi kwetu nimeshasema. Mama amelia, amenyamaza, halafu ameuliza unapenda chakula gani. Wewe umefikia wapi?"

Nathanael alitazama ziwa. Hakuwa amefikia popote, na alijua kwamba Shamsia hatamngoja milele.

Mwezi wa sita Kamati ilitangaza Siku ya Umoja, ifanyike Muleba. Juma moja kabla, Nathanael aliingia jikoni ofisini kuchukua kikombe cha chai. Gaudiosa, mama mpishi, akampiga kofi mkononi.

"Hicho si chako. Chenu ni chenye doa."

"Doa gani?"

Gaudiosa akageuza vikombe. Nusu yake ilikuwa na doa jekundu chini ya kishikio, limepakwa rangi ya kucha. Karibu na ukuta kulikuwa na mabeseni mawili ya kuoshea, nayo yametenganishwa.

"Vyenye doa vya Wakristo, visivyo na doa vya Waislamu. Sheikh ndiye aliyeomba, Mwenyekiti akakubali kabla hajamaliza kuomba. Mimi naagizwa tu, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu naanza kazi."

Miezi yote ile Nathanael alikuwa amekunywa chai kwenye vikombe hivyo. Watu wanasimama jukwaani wanalia machozi kwa ajili ya undugu, kisha wanaogopa mdomo wa ndugu yao kwenye kikombe! Alitoka, akanunua kichupa cha rangi ile ile, akarudi. Aliona njia moja tu: kama vyote vitakuwa na doa, hakuna atakayejua kikombe ni cha nani.

Wakati huo huo Shamsia, akimmiminia mgeni chai ukumbini, naye aliliona doa. Akamuuliza Mwenyekiti.

"Ni utaratibu tu, binti yangu," Bartholomayo akasema kwa upole. "Vyenye alama ni vya upande wetu. Kila mtu awe huru moyoni. Usilifanye jambo."

Shamsia alikimbilia jikoni kumwambia mtu mmoja aliyemwamini. Alimkuta amechuchumaa, kikombe mkono mmoja, kibrashi chekundu mkono mwingine.

"Kumbe ni wewe."

"Shamsia, ngoja..."

"Nimekunywa chupa moja na wewe, Nathanael. Ukifika nyumbani ulikuwa unasukutua?"

Akaondoka bila kuchukua hata mwavuli wake. Kesho yake alihamia Muleba kwa shangazi yake, akidai anaandaa wanawake kwa ajili ya mkutano. Alikuwa ameapa kuacha kazi siku ile ile mkutano utakapokwisha.

Nathanael alipiga simu mpaka akapokelewa.

"Sema haraka. Niko na watu."

"Kweli unaamini ni mimi?"

"Nimekukuta na kichupa mkononi."

"Sikuulizi ulichoona. Nakuuliza kama unaamini."

 Sauti ya Shamsia ikaja ya chini, haina tena hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mwanamume anayenificha kwa mama yake kama ugonjwa, kwa nini nisiamini? Doa hilo ulinipaka zamani. Tofauti ni kwamba sasa nimeliona."

Simu ikakatwa. Nathanael alikuwa na maelezo yote tayari mdomoni, lakini hakupiga tena. Habari ya vikombe angeweza kuijibu. Habari ya mama hakuwa na jibu lake. Kesho yake akapanda pikipiki mpaka Kashozi kwa mama yake.

Siku ya Umoja uwanja wa Muleba ulijaa. Bango lilikuwa kubwa kuliko jukwaa: SISI NI FAMILIA MOJA. Bartholomayo alihutubia, akapaza sauti, akapiga kifua. Sheikh Muksini alimfuata, akamwita Bartholomayo pacha wake. Watu walipiga makofi. Kisha mtangazaji akasema kwamba sasa viongozi watakunywa chai pamoja, mbele ya wananchi, iwe ishara.

Gaudiosa akapanga mezani vikombe vya ofisi. Bartholomayo alinyoosha mkono, akageuza kikombe, akaona doa, akaridhika. Sheikh akageuza cha kwanza, doa. Cha pili, doa. Cha tatu, doa.

"Vyetu viko wapi?" akanong'ona. Kipaza sauti kilikuwa wazi, uwanja mzima ukasikia.

"Vyote viko hivyo, Sheikh," Gaudiosa akajibu.

Bartholomayo naye akashtuka. Kama vyote vina doa, basi hiki chake kimepita midomo ya nani? Akakirudisha mezani kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Mimi nimefunga leo," Sheikh akasema.

"Na mimi tumbo," akasema Mwenyekiti.

Wakakaa. Chai ikaanza kupoa, vijidudu vya ziwani vikawa vinatumbukia humo kimoja kimoja, na mapacha wale wakawa wanatazama mawingu. Mwanamke mmoja nyuma akacheka kwa dharau, na wengine wakamfuata.

Shamsia, aliyekuwa amesimama pembeni na wanawake wake, amevaa gauni la zambarau na mtandio wa rangi ya maziwa, alipita haraka kwenye meza akageuza kikombe, na kingine, na kingine. Vyote. Akakumbuka alivyomkuta Nathanael amechuchumaa, akaelewa kwamba alikuwa anavipaka vyote. Akamtafuta kwa macho. Nathanael alikuwa anakuja kati ya viti, amemshika mkono mama mmoja mnene aliyevaa kitenge cha kwenda harusini.

"Kwa nini hukuniambia?" Shamsia akamuuliza.

"Ningekuambia la vikombe, halafu? Ulikuwa umeuliza jingine." Akamgeukia mama yake. "Mama, huyu ndiye Shamsia."

Mama Edvina alimtazama binti huyo toka mtandio mpaka viatu.

"Wewe ndiye uliyemnyang'anya mwanangu senene?"

"Tuligawana, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huyu anasema mimi nina presha. Presha yangu inapandishwa na kudanganywa, si na wewe. Sisemi nimefurahi, hilo nitalisema nikilizoea." Akavuta kikombe cha karibu, akakitoa kidudu kwa kidole, akanywa. "Sukari haitoshi."

Bartholomayo alisimama. "Katibu! Mambo haya yanaivunjia heshima Kamati. Kushirikiana ni kushirikiana. Kuoana ni jambo jingine kabisa!"

"Hapo nakuunga mkono, Mwenyekiti," akasema Sheikh Muksini. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana siku ile bila kamera.

 Nathanael akachukua kikombe cha mama yake, kilichobaki nusu, akampa Shamsia.

"Twende bomani Jumatatu. Tuandikishe ndoa."

"Hivi ndivyo mnavyoposa Kashozi? Kwa chai ya baridi?"

"Msimu wa senene bado."

Shamsia alikunywa, akambakishia, naye akamaliza. Kisha Nathanael akatoa ufunguo wa ofisi akauweka mbele ya Mwenyekiti, na Shamsia akaweka wa kwake juu yake. Nyuma yao Gaudiosa alikuwa amesimama kati ya mabeseni mawili aliyokuja nayo toka ofisini, hajui aanze na lipi.

"Nioshe vipi sasa?" akauliza.

Shamsia alikunja mikono ya gauni lake, akaliinua beseni moja na kumwaga maji yake kwenye nyasi, kisha akavikusanya vikombe vyote akavitumbukiza kwenye beseni lililobaki.